Kiyoyozi kikubwa mno nacho ni tatizo

Wanunuzi wengi wa viyoyozi huhofia kuchukua kidogo, ilhali kilichozidi mahitaji ya chumba nacho kina kasoro zake. Kiyoyozi huondoa joto pamoja na unyevu, na unyevu huo hutoka pale tu hewa inapopita kwa muda wa kutosha kwenye mabomba yake ya baridi, ukageuka matone na kuchuruzika nje. Kikiwa kikubwa mno, hufikia nyuzi 24 ulizochagua ndani ya dakika chache, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ikazima, kisha ikawaka tena muda mfupi baadaye. Matokeo yake ni chumba chenye baridi lakini shuka zikiwa na unyevunyevu, na kompresa inayochakaa mapema. Viyoyozi vya inveta, yaani vyenye kifaa cha kubadili kasi ya kompresa, hupunguza tatizo hili kwa kuwa hushusha kasi badala ya kuzima, ingawa navyo vina kikomo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, pima urefu na upana wa chumba, kisha umweleze fundi kimo cha dari, dirisha linalopigwa na jua la alasiri, idadi ya watu wanaokitumia, na kama juu yake kuna paa au ghorofa nyingine. Vyumba viwili vyenye eneo sawa vinaweza kuhitaji mashine tofauti kabisa. Uwezo wa kupoza huandikwa kwa BTU (kipimo cha joto) kwa saa, ambapo 12,000 ni takriban kilowati 3.5; lakini hicho si kiasi cha umeme kinachotumika, ambacho huandikwa kando na kwa kawaida ni kidogo zaidi.