Umerudi Nakuru kutoka kambi ya masika: anza na hema, kisha gari, kisha mwili

Hema linaloweza kustahimili mvua ya Kakamega wiki nzima huozea nyumbani, ndani ya mfuko wake, likisubiri Jumamosi. Gari nalo huvuka mito ya Trans Nzoia salama, kisha difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) ikalika polepole mjini kwa sababu ya maji ambayo hakuna aliyeyatafuta. Kwa hiyo ukifika Nakuru jioni umechoka, bado kuna kazi ya nusu saa kabla ya kulala.

Hatua ya 1: usiku uleule

Toa hema mfukoni hata kama ni saa nne usiku. Litandaze juu ya viti au kamba chini ya paa, popote penye hewa. Kuvu huanza kumea ndani ya saa 24 hadi 48 kitambaa kikiwa kibichi. Begi la kulalia litoe vilevile. Mtungi wa gesi ufunge, ung'oe regileta, kisha usimamishe wima mahali penye hewa; usiuache ndani ya gari usiku. Mabaki ya chakula yote yatoke, maana panya wakionja viti vya gari hawatoki.

Hatua ya 2: asubuhi, hema

Masika mvua ya Nakuru huja zaidi alasiri, kwa hiyo nafasi yako ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Simamisha hema uani, ulifagie ndani. Tope jekundu liache likauke kwanza, ulitoe kwa brashi laini kavu. Ukilisugua likiwa bichi unalisukuma ndani ya nyuzi. Baada ya hapo tumia maji vuguvugu, sabuni ya kipande isiyo kali na sponji. Sabuni ya unga, jiki na mashine ya kufua hubandua utando wa ndani unaozuia maji, na ukibanduka hema huvuja hata kama kitambaa ni kizima.

Madoa meusi ya kuvu yapanguse kwa siki nyeupe, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, halafu suuza. Kuvu itakufa, lakini doa huenda likabaki, usilipiganie. Iwapo utando unanata kama gundi na unanuka vibaya, umeshaoza na kuosha hakutausaidia.

Zipu isugue kwa mswaki wa zamani. Mchanga ulionasa kati ya meno ndio unaokula kitelezo hadi zipu inafunga, kisha inaachama tena nyuma yake. Ikikauka, ipake mshumaa.

Anika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hudhoofisha nailoni. Usidanganywe na kitambaa: kinaweza kukauka ilhali uzi wa mshono bado umeshika maji. Bana mshono wa pembeni kwa kipande cha tishu, uhesabu hadi kumi. Tishu ikilowa, rudisha hema kwenye kamba. Kukausha kwa siku 2 wakati wa masika ni jambo la kawaida. Likiwa kavu kabisa, lisokomeze kwa ulegevu ndani ya gunia la kitambaa. Kulikunja kwenye mistari ileile kila mara hupasua utando. Begi la kulalia litundike, usilibane.

Hatua ya 3: gari

Kabla ya kulisogeza asubuhi hiyo, na kama ulivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, angalia difu. Difu yenye joto ikiingia maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili (mpira unaozuia oili isivuje). Gari likishalala usiku mzima, maji hutuama chini ya oili. Legeza kwanza nati ya juu ya kujazia, ujue inafunguka, ndipo ulegeze kidogo ile ya chini. Yakitangulia matone ya maji, au oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote uweke mpya. Ukianza na nati ya chini halafu ya juu ikagoma, utabaki na difu tupu.

Kisha tope. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, ukikauka ndani ya rimu unakuwa mgumu kama matofali, na usukani hutetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa. Watu hukimbilia kulipia balansi ya magurudumu wakati kilichohitajika ni bisibisi na maji. Osha pia ndani ya madigadi na juu ya chasisi. Rejeta ikiwa imepoa, isafishe kwa maji yasiyo na presha, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili mbegu za nyasi zirudi zilikotoka. Mashine ya presha hulaza mapezi yake.

Malizia kwa chujio la hewa, mashimo ya grisi ya krosi (viungo vya shafti ya propela), na nati za magurudumu, ukizikaza kwa kupishana.

Hatua ya 4: mwili

Kagua kupe makwapani, nyuma ya magoti na kiunoni. Mshike kwa kibanio karibu na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota.

Malaria ni nyingi kando ya Ziwa Victoria kuliko Nakuru, na dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi. Ukipata homa, kapime siku hiyohiyo na umwambie daktari kama ulilala kando ya ziwa, mfano Kisumu, la sivyo anaweza kudhani ni mafua ya baridi. Kama kinga yako ya malaria ni vidonge vya doksisaiklini, endelea nayo wiki 4 baada ya kutoka huko.

Walioogelea ziwani wapime kichocho baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi mayai ya minyoo yake huenda yasionekane.