SOMO: Jinsi ya kuchagua DAC ya bei nafuu kwa stereo ya nyumbani

Wakuu habari zenu. Kila mara naona mtu anauliza "nina laki mbili nichukue DAC gani" na majibu yanashuka majina ya brandi tupu, hakuna hata mmoja anayemuuliza jamaa ana amplifaya gani na mziki anaupigia kwenye nini. Leo twende taratibu.

Kwanza kwa wageni. Mziki uliopo kwenye simu, kompyuta au CD ni namba tupu, na spika haijui namba, yenyewe inajua umeme unaopanda na kushuka, sasa DAC ndo inageuza hizo namba kuwa umeme. Maana yake kila kinachotoa sauti nyumbani kwako tayari kina DAC ndani, simu, tivii, laptop, hata kale kaspika ka bluetooth. Ukinunua ya nje unairuka ya ndani unatumia ya kwako, basi, hakuna uchawi mwingine hapo.

HATUA YA 1: Geuza amplifaya uangalie mgongoni
Kama ni risiva ya home theater au spika zenye amplifaya ndani, tafuta tundu la kuingizia limeandikwa OPTICAL au COAXIAL, hayo yanapokea mziki ukiwa bado namba. Ukiliona, ina DAC tayari, nunua waya tu. Mfano Edifier R1280DB inayo optical na bluetooth, wakati ndugu yake R1280T haina, inapokea analogi peke yake, yaani mziki ulioshageuzwa kuwa umeme, na watu wanazichanganya sana kwa sababu kwa mbele zinafanana. Wanaohitaji DAC kweli ni wale wenye amplifaya za zamani, zile Pioneer, Technics, Kenwood, Sansui za mtumba, zenye AUX, TAPE na PHONO tu.

Na kwa vile nimetaja mtumba, zile zilizotoka Japani nyingi ni za volti 100. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka kwenye 230 yetu, ikisema 100V tafuta transfoma ya kushusha, la sivyo utakuwa unajadili DAC huku moshi unatoka.

HATUA YA 2: Mziki wako unatokea wapi?
Hii ndo inaamua kila kitu. Wa laptop au kompyuta, chukua DAC yenye USB. Wa tivii, chukua yenye optical. Vyote viwili, chukua yenye matundu yote, SMSL SU-1 kwa mfano inayo USB, optical na coaxial, na inazungukia dola 70 mpaka 80 kabla ya usafiri na ushuru. Hiyo kwangu mimi ndo dari ya bajeti kwa mtu wa kawaida, ukizidi hapo hela ipeleke kwenye spika.

Wa simu, kuna kale kawaya kafupi ka Apple ka USB-C kwenda jeki ya 3.5, Marekani kanauzwa dola 9 na ndani kana DAC safi kabisa, waliokapima kwa mashine wamekasifia na mimi naungana nao. Ila angalia, mitaani kuna vinavyofanana na hako ambavyo ndani havina DAC, ni nyaya tu, vinategemea simu yenyewe itoe analogi kupitia tundu la chaji na simu nyingi hazifanyi hivyo. Unachomeka, kimya. Muulize muuzaji kama ina DAC ndani, akisita, mwambie ajaribishe kwenye simu yako hapo hapo dukani.

HATUA YA 3: Namba za kwenye boksi
Boksi litakwambia 32 bit, 768 kHz, DSD512 na nyota nyingi. Tulieni. CD ilivyoingia sokoni 1982, Sony na Philips walichagua 16 bit na 44.1 kHz, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde na kila kipimo kinaandikwa kwa namba ya bit 16, na hiyo inatosha kubeba sauti mpaka kama 20 kHz, ambapo sikio la mtu mzima kwa kawaida halifiki, na tofauti ya kama desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Sebuleni kwako na feni inazunguka na bodaboda zinapita nje hufiki hizo 96. DAC yoyote ya leo inayosoma 24 bit kwa 96 kHz inatosha na kubaki. Na ubishi wa chipu, ESS au AKM au Cirrus Logic, waachie wenye muda, chipu nzuri kwenye sakiti mbovu bado inatoa mluzi.

HATUA YA 4: Vitu vya maana ambavyo boksi halivipigii kelele
Matundu ya kutolea sauti ya RCA, yale mawili jekundu na jeupe, yatoe kama volti 2, ndo kiwango cha CD player za kawaida. Vile vya simu vingi vinatoa volti 1 au chini, vinafanya kazi, ila utapandisha volyumu zaidi.

Halafu umeme. DAC nyingi za bei nafuu zinakula volti 5 za USB, kwetu hii ni raha maana umeme ukiyumba unaiwasha hata na pawabenki. Lakini chaja feki inaleta mluzi, tumia chaja ya maana.

Kelele ya "zzzz" ukiunganisha na laptop mara nyingi inatokana na nyaya za ethi kuzungukana kati ya laptop na amplifaya. Chomoa chaja ya laptop usikilize, ikipotea umeshampata mchawi. Optical haina tatizo hili kwa sababu inapitisha mwanga, hakuna shaba inayogusana.

HATUA YA 5: Kuunganisha na kujaribu
RCA ziende AUX, CD au TAPE IN. Usichomeke PHONO, ile ni ya santuri, inakuza sauti kupita kiasi na kupindisha besi, utadhani DAC ni mbovu. Ukitaka kulinganisha na ya zamani, linganisha volyumu kwanza zilingane kabisa, maana inayolia kwa nguvu kidogo tu masikio yanaiona tamu, na wauza duka wanalijua hilo vizuri sana.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu nimechukua kale kaboksi keusi ka optical kwenda RCA, tivii inaonyesha vizuri ila sauti hakuna, saa nyingine inakwaruza tu. Nimepigwa?
Jibu: Bado usilie. Ingia settings za tivii, sehemu ya sauti ya digital, weka PCM (sauti ya digital isiyobanwa) badala ya Dolby au Auto. Hivyo viboksi vinasoma PCM peke yake. Ukiona bado, soma maandishi ya kwenye kaboksi, kuna vinavyofanya kinyume, analogi kwenda digital, na umbo ni lile lile.

Mdau mwingine: Kawaya ka Apple kwenye Android yangu sauti ndogo sana hata nikijaza volyumu.
Jibu: Inajulikana hiyo, Android nyingi zinakaacha kwenye volyumu ya chini ya ndani. App ya USB Audio Player Pro inaweza kukaongoza moja kwa moja, ila ya kulipia. Kama hutaki gharama hiyo, chukua ya kampuni ya FiiO yenye kazi hiyo hiyo.

Dada wa Tanga: Natumia sabufa ya home theater na nasikiliza YouTube na Spotify ya bure. DAC itanisaidia?
Jibu: Hapana dada yangu, hela yako usiitoe. Spotify ya bure inaishia 160 kbps (kiasi cha data ya mziki kwa sekunde), na sabufa yenyewe ndo inayokubana. Tafuta spika mbili za mtumba na amplifaya ndogo, utasikia tofauti siku hiyo hiyo.

Mdau wa Nairobi: Na bluetooth je, si nichukue risiva ya bluetooth tu niachane na waya?
Jibu: Kama simu yako ni Android yenye LDAC (njia ya kubana mziki upite kwenye bluetooth) na risiva nayo inayo, chukua bila wasiwasi, inafika 990 kbps simu ikiwa karibu. iPhone haina LDAC, itatumia AAC, njia nyingine ya kubana, nayo kwa kusikiliza huku unapika haina shida. Hakikisha tu risiva ina RCA za kutoka, maana nyingine zina jeki ya 3.5 peke yake, utanunua na waya wa kugeuza.