Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujasafisha Kochi la Ngozi

Makochi mengi ya ngozi hayaharibiwi na uchafu, yanaharibiwa na usafi. Wageni wako njiani, mtu anachukua sabuni iliyo karibu, anaanza kusugua. Kabla hujafika huko, soma haya.

Jua kwanza una ngozi gani. Ipo ngozi iliyopakwa rangi kwa juu kisha ikafunikwa utando wa kinga. Hii ndiyo iliyo kwenye makochi mengi na ndiyo inayovumilia zaidi. Ipo anilini, iliyoingizwa rangi tu bila utando wa maana: laini sana, unaona vinyweleo na makovu ya mnyama, na inanyonya chochote kitakachoiangukia. Zipo suedi na nubuki, zenye uso kama mahameli, ambazo hazitaki maji. Halafu kuna ngozi ya kuunga, yaani mabaki yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kufunikwa plastiki, na ngozi bandia, ambayo haijawahi hata kupita karibu na ng'ombe. Dondosha tone moja la maji mahali pa kificho. Likikaa juu limejiviringa, kuna utando. Likizama na pale pakakoza rangi, una anilini, na nusu ya ushauri unaopewa haukuhusu.

Toa vumbi kabla ya kitu kingine chochote. Tumia mashine ya kufyonza yenye brashi laini, na ingiza mdomo wake kwenye mishono na chini ya mito. Vumbi lina chembe za mchanga, na ukipitisha kitambaa chenye maji juu yake unakwaruza.

Kwenye sabuni, kuwa mkali. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na juu yake ni alkali) huwa kwenye 4 hadi 5. Sabuni nyingi za mche na za unga hufika 9 au 10, na dawa za klorini hupita 11. Zinaila polepole, leo huoni kitu, baada ya muda ngozi inakauka na kupasuka kwenye mikunjo. Kwa hiyo sabuni ya kufulia hapana, klorini hapana, dawa ya vioo yenye amonia hapana, dawa ya kuondoa rangi ya kucha hapana kabisa. Siki na mafuta ya zeituni vibaki jikoni, maana mafuta yale huvuta vumbi, hukoza rangi kwa mabaka na hatimaye huchacha. Dawa ya viatu nayo ni ya viatu. Ukiipaka kochi, itahamia kwenye suruali ya mgeni wa kwanza atakayekaa. Tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, basi.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ushauri huu kila mtu anao mdomoni, na ndio uliomponza shemeji yangu, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Mtoto wao alichora kwa kalamu ya wino kwenye mto wa kukalia, mstari wa urefu wa kiganja hivi. Kochi la kahawia, zuri, linatunzwa. Shemeji si mtu wa pupa. Aliuliza watu, akatafuta spiriti na kitambaa cheupe, akalivuta kochi kutoka ukutani na kusugua nyuma kabisa, karibu na sakafu. Kitambaa kikatoka cheupe vilevile. Akasubiri pakakauka, pakawa salama. Akaja mbele akiwa na imani yote. Alipopitisha mara ya kwanza wino ulianza kusambaa, akafurahi kwamba unatoka. Mara ya pili kitambaa kikatoka na ukahawia. Akadhani ni uchafu wa siku nyingi, akaongeza spiriti. Alipokuja kuinua mkono, palikuwa na duara lililopauka, kubwa kama sahani, na katikati yake mstari wa wino ungali pale, umefifia lakini umezama ndani ya ngozi iliyobaki uchi.

Alifanya kila alichoambiwa. Tatizo ni kwamba makochi mengi yanayouzwa kama ya ngozi yana ngozi halisi sehemu zinazoguswa na mwili tu: mito ya kukalia, egemeo, juu ya mikono. Ubavuni na mgongoni panawekwa plastiki iliyolinganishwa rangi, na imelinganishwa vizuri hasa. Mara nyingi jambo hilo limeandikwa kwenye karatasi zinazokuja na kochi, zile ambazo hakuna anayezisoma. Basi shemeji alijaribu spiriti kwenye plastiki, ikafaulu, akaenda kuitumia kwenye ngozi, ambako iliyeyusha utando na kubeba rangi. Fundi alikuja kurudishia rangi. Kazi yake si mbaya, ila ukikaa karibu na dirisha unauona mpaka.

Kwa hiyo, kabla ya kujaribu, fungua zipu ya mto na uangalie ngozi kwa upande wa ndani. Ukikuta nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo, zenye manyoya kidogo, hiyo ni ngozi. Ukikuta kitambaa kilichofumwa, hiyo ni bandia. Kisha jaribu kwenye mto huohuo unaotaka kuusafisha, kwenye ule ukingo wa nyuma unaozama chini ya egemeo. Tumia kitambaa cheupe, si cha rangi. Subiri hadi kesho yake, pakague kwa mwanga wa mchana. Na uchafu una rangi yake, wa kijivu au mweusi. Kitambaa kikitoka na rangi ya kochi, hilo ndilo kochi lenyewe linalotoka, acha hapohapo.

Maji yawe kidogo. Kitambaa ukikikamua kisitoe hata tone. Futa kipande kizima, kuanzia mshono hadi mshono, maana ukifuta doa peke yake unaacha alama ya duara. Mashine ya mvuke usiikaribishe: joto na unyevu vikikutana hufanya nyuzi za ngozi zijikunyate, na zikishajikunyata hazirudi. Usikaushe kwa mashine ya nywele wala juani.

Kitu kikimwagika, gandamiza kitambaa kikavu kinyonye, usisugue. Kama ni mafuta, usilete maji. Nyunyizia poda ya talki au wanga, acha usiku kucha, asubuhi pangusa kwa brashi laini.

Angalia pale kichwa kinapoegemea na pale mikono inapolala. Jasho na mafuta ya nywele hulainisha utando pole pole mpaka panaanza kunata. Pakishanata umechelewa, si sabuni wala losheni itakayopaponya. Futa sehemu hizo mara kwa mara, au tandika kitambaa. Watu wanacheka vile vitambaa vya makochi vya bibi zetu, lakini bibi walijua wanachokifanya.

Losheni ya ngozi mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Yenye utando hainywi sana, anilini inafaidika zaidi, bandia haihitaji. Na kama bandia imeanza kubanduka magamba, usitupe pesa kwenye chupa yoyote. Plastiki yenyewe inavunjika kwa umri na unyevu.

Liweke mbali na jua la moja kwa moja, na mbali na hita angalau sentimita 50. Unyevu wa chumba ukiwa kati ya asilimia 40 na 60, ngozi inatulia. Ukizidi sana kuvu huja; likiota, litoe kochi nje kabla ya kulipiga brashi kavu, la sivyo unasambaza mbegu zake nyumba nzima.

Jinzi mpya zinaachia rangi kwenye ngozi nyeupe. Funguo za mfuko wa nyuma zinakwaruza. Magazeti yakiachwa juu siku nyingi, wino unahama. Spiriti inashika moto, kwa hiyo madirisha wazi na moto mbali. Usichanganye klorini na amonia hata mara moja, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Watoto wasifikie chupa hizi. Na ukimwita mtu aje akusafishie, muulize kabla hajashusha ndoo atatumia nini na kochi lako ni ngozi gani. Akikujibu kwamba dawa yake inasafisha aina zote, mfungulie zipu ya mto aangalie kwanza.