Somo: Jinsi ya kuusoma Mlima Kebnekaise kwa ramani na kikokotoo

Wanajamvi, habari zenu. Leo tuuchukue Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote Uswidi.

Hatua ya 1: Anza na latitudo. Mlima huu uko karibu nyuzi 68 kaskazini, kilometa 150 hivi kupita Duara la Aktiki. Kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami kabisa. Desemba kuna wiki kadhaa halichomozi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwinuko. Kituo cha wapandaji kiko mita 690 hivi, kilele karibu mita 2,097. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 0.65 kila unapopanda mita 100, kwa hiyo kituoni kukiwa na nyuzi 12, kileleni tarajia 3, na hapo upepo hatujauhesabu. Ila wakati wa kipupwe, kukitulia, hewa baridi ni nzito na hutuama mabondeni. Siku hizo kilele huweza kuwa na joto kuliko kijiji kilicho chini.

Hatua ya 3: Tafuta bahari iko wapi. Magharibi kuna Atlantiki, na maji yake ya uvuguvugu hupunguza makali ya baridi. Upepo wa huko huja na unyevu, hupanda milima na kumwaga theluji. Usiudharau: kituo cha utafiti cha Tarfala, bondeni kando ya mlima, kilipima dhoruba ya mita 81 kwa sekunde Desemba 1992.

Hatua ya 4: Chunguza kilele kimeumbwa na nini. Hapa ndipo nawaomba mkae sana. Kebnekaise una vilele viwili. Cha kaskazini ni mwamba. Cha kusini kimevikwa barafu, hivyo kimo chake hupanda theluji ikijaa na kushuka kiangazi kikiiyeyusha. Vitabu vya zamani vilikiandikia mita 2,111. Septemba 2019 kilipimwa mita 2,095.6, kikapitwa na cha kaskazini chenye 2,096.8. Kwa hiyo ukikuta kimo cha kilele cha kusini, uliza kwanza kilipimwa mwaka gani na mwezi gani. Jirani yake, barafuto (mto wa barafu) ya Storglaciären, imepimwa mfululizo tangu 1946, na kumbukumbu hizo ni kati ya ndefu kabisa duniani.

MASWALI

Mwalimu, Kilimanjaro ina mita 5,895. Mbona huku barafu iko chini hivyo?
Ni latitudo, ndugu yangu. Karibu na ikweta jua hupiga wima, inabidi upande juu sana ndipo barafu idumu. Nyuzi 68 jua huja kwa mshazari, joto lake husambaa eneo kubwa.

Lakini kiangazi jua linawaka saa 24!
Swali zuri sana, dada. Linawaka, ila usiku liko chini mno upeoni, na theluji nyeupe huurudisha angani mwanga mwingi. Hata hivyo huyeyusha, na ndiyo maana vipimo vya kimo hufanywa mwishoni mwa kiangazi, kilele kikiwa kimepungua kabisa.

Nikienda, nipande kipi?
Cha kusini, kwa njia ya magharibi, huhitaji kamba kiangazi. Ukingo wa kwenda cha kaskazini ni mwembamba na wa barafu. Usiuguse bila kamba, njumu za barafu na kiongozi anayeujua.