Kabla mzee hajaanza kupapasa: mambo ya kuzingatia kuhusu macho

Mzee akisema "naona vizuri tu", mwombe azibe jicho moja kwa kiganja na atazame fremu ya dirisha, kisha abadilishe jicho. Hapo ndipo wengi hugundua kuwa jicho moja limekuwa likifanya kazi ya mawili. Fremu ikionekana imepinda, au katikati pana doa, huenda kitovu cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kimeanza kuchakaa. Hilo ni la kumwona daktari wa macho ndani ya siku chache.

Kabla ya miadi, ulizeni habari za ukoo. Nani alipofuka, na kwa nini? Jibu la kawaida ni "uzee tu", nami siliamini. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hufuata damu: mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko hatarini zaidi, na kwa watu wenye asili ya Afrika huanza mapema, ndiyo maana hushauriwa kupimwa kuanzia miaka 40. Mara nyingi haiumi. Hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na ilichokula hakirudi. Jina lake nalo hudanganya: presha inayopimwa mkononi haisemi lolote kuhusu ya jichoni, na wapo wenye glakoma ilhali presha ya jicho ni ya kawaida. Kwa hiyo daktari aitazame na neva ya jicho.

Dawa zote zitiwe kwenye mfuko mmoja, hata za kupaka, za kuvuta na za matone. Steroidi, ambazo hutumika kwa pumu, mzio na maumivu ya viungo, zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Yanayonitia wasiwasi zaidi ni matone ya kutuliza mwasho aliyopewa mtu mwingine. Baadhi yana steroidi, na hakuna anayehesabu siku.

Mwenye kisukari aandike ameishi nacho miaka mingapi na sukari imekuwaje karibuni. Aliye na aina ya 2 hupimwa retina mara tu anapogundulika, kwa kuwa huenda sukari ilikuwa juu kwa miaka bila yeye kujua. Baada ya hapo, kwa kawaida kila mwaka. Sukari huumiza mishipa midogo ya damu ya retina, na shinikizo la damu huumiza hiyo hiyo. Aliyewahi kuvuta sigara aseme, hata kama aliacha zamani. Juani, kofia na miwani inayozuia mionzi.

Siku yenyewe aje na miwani yake ya zamani na mtu wa kumsindikiza: matone ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa, hivyo asiendeshe gari. Akiambiwa ni mtoto wa jicho, pumueni kidogo. Huondolewa kwa upasuaji, lenzi bandia ikawekwa, na mara nyingi mgonjwa hulala kwake siku hiyo hiyo.