Jinsi ya kumsimamia mgonjwa aliyevujia damu kwenye ubongo, hasa siku ya pili na ya tatu anapozidiwa

Wengi wetu tunadhani CT scan ikishaonyesha damu imevujia kwenye ubongo na daktari akasema haiongezeki tena, basi kilichobaki ni kusubiri apone. Alafu siku ya pili au ya tatu mgonjwa analegea, homa inapanda, aliyekuwa anaitika jina sasa anakoroma tu, na hapo ndo maneno yanaanza pale wodini, mara kapewa dawa sio yake, mara kuna mkono wa mtu. Jamani tulieni. Inaweza kuwa damu imeanza kutoka upya, ndo maana unamwita nesi mara moja, lakini mara nyingi kinga ya mwili wake mwenyewe inachangia pakubwa, na ukiielewa inavyofanya kazi utajua cha kufanya na cha kuacha.

Iko hivi. Damu ikiwa ndani ya mshipa ubongo hauna ugomvi nayo, ikimwagika nje inakuwa sumu. Ndani ya ubongo kuna seli za kinga zinazoishi humohumo, zinaitwa maikroglia, hizi zinashtuka mapema sana na kuanza kumwaga kemikali za kuita msaada, na ndani ya siku ya kwanza zinaingia niutrofili, zile seli nyeupe zinazotangulia kila penye vurugu mwilini, zinazidi kujaa mpaka siku ya pili ya tatu na zikifa zinaachia vimeng'enya ambavyo havichagui, vinaharibu hadi mishipa iliyokuwa mizima. Hapo hapo seli nyekundu zilizomwagika zinaanza kupasuka taratibu kwa siku kadhaa na kuachia madini ya chuma ambayo nayo yanachoma seli za ubongo. Maji yanajaa pembeni ya bonge la damu, ubongo unavimba, na fuvu ni mfupa halitanuki, kwahiyo kinachobanwa ni ubongo wenyewe. Uvimbe huu unakua kwa kasi siku 2 hadi 3 za mwanzo na unaweza kuendelea mpaka wiki ya pili. Hayo ndo majeraha ya pili, na ndo unayoyasimamia wewe uliyekaa pembeni ya kitanda.

Sasa usije ukasema basi kinga izimwe. Maikroglia hizohizo pamoja na makrofeji, seli nyingine za kinga zinazokuja baadaye, ndo zinameza ile damu iliyokufa na kusafisha, bila hizo bonge halitoki. Ndugu wengi wanauliza mbona hapewi deksamethazoni ya kupunguza uvimbe. Ilijaribiwa Thailand, majibu yakatoka 1987, wakalazimika kusimamisha utafiti kabla ya muda kwa sababu wagonjwa waliopewa hawakupona zaidi ila walipata maambukizi na matatizo mengine zaidi. Kwahiyo daktari akikataa sio uchoyo.

Turudi nyuma kidogo, pale nyumbani mtu anapoanguka. Mlaze ubavu, angalia saa ilikuwa ngapi dalili zilipoanza, mpeleke hospitali yenye CT scan kama inafikika. Usimpe asprini wala diklofenaki, maana kiharusi cha damu kuganda na cha damu kumwagika vinafanana kwa macho, hakuna anayeweza kutofautisha bila picha. Usimnyweshe maji ya sukari. Na ile meseji inayozunguka WhatsApp ya kuchoma vidole na masikio kwa sindano mpaka damu itoke, achana nayo, inakupotezea muda tu.

Mkishafika, uliza mambo manne: presha yake ni ngapi, sukari ni ngapi, joto ni ngapi, na je alikuwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, maana kuna dawa za kuipinga na zinatakiwa mapema. Sio maswali ya kujifanya unajua. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000, Nigeria ikiwemo, ukaonyesha kwamba kuyashughulikia yote manne kwa pamoja haraka, ile namba ya juu ya presha ikishushwa chini ya 140, kunawafanya wengi watoke na hali nzuri zaidi. Hakuna mashine ya ajabu hapo, ni ufuatiliaji tu.

Joto nalisisitiza. Nunua kipima joto chako mwenyewe, pima asubuhi mchana jioni na usiku, andika kwenye daftari, ikizidi 37.5 mwambie nesi muda huohuo. Homa inaweza kuletwa na huo uvimbe wenyewe ila usiamue wewe, maana inaweza pia kuwa nimonia.

Na hapa kwenye nimonia ndo watu wanaumia sana. Wakati ndani ya ubongo kinga imewaka, huku mwilini kwingine inashuka, kwa sababu ubongo ulioumia unamwaga homoni za msongo zinazopunguza seli nyeupe za limfosaiti. Sasa chukua mtu ambaye kinga imeshuka na koo halimezi vizuri, alafu shangazi anakuja na chupa ya uji anasema mtoto wangu hajala tangu jana, anamnywesha kijiko, uji unaingia kwenye mapafu. Usiruhusu, hata kama ni mkubwa kwako, mwambie kwa heshima "shangazi, subiri kwanza wampime kumeza". Akishindwa kumeza atawekewa mpira wa puani, na mdomo asafishwe kila siku hata kama hali chochote.

Kichwa kiinuliwe kama nyuzi 30 hivi, shingo inyooke isikunjwe na mito, ageuzwe kila baada ya saa 2 asipate vidonda.

Mwite nesi bila kusubiri ukiona mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, kutapika, degedege, au usingizi ambao anazidi kuwa mgumu kuamshwa.

Vile vidonge na unga wa kuongeza kinga wanavyouza, mlonge, vitunguu saumu vya kusaga sijui nini, visiingie wodini bila daktari kujua, vingine vinafanya damu iwe nyepesi na huyu ndo kwanza katoka kuvuja. Siku ya kuruhusiwa uliza atatumia dawa gani za maumivu, dawa za presha lini zinarudiwa na kliniki ni lini, na kama mnaweza changeni mnunue mashine ya presha ya mkononi ikae nyumbani, presha ipimwe na kuandikwa hata siku anazosema anajisikia vizuri.