Tozo kwa vikundi na klabu za mtaani Mwanza: namna ya kuipinga kwa daftari, kwa barua na kwa maandamano

Ofisa mapato akifika kwenye kikao cha kikundi na mashine yake ya risiti, mwombeni kwanza ataje sheria anayoitumia. Kila kinachofuata hapa, kuanzia barua hadi maandamano, kinategemea jibu hilo. Vikundi vya kuzikana, vya hisa, vya ngoma na klabu za mpira mara nyingi hukimbilia kuchora mabango kabla ya kujua wanadai ofisi gani. Wanaishia kupaza sauti mlangoni kwa mtu asiye na uwezo wa kufuta hata shilingi moja.

Tozo ni ya nani

Katiba ya 1977, ibara ya 138, inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kupewa nguvu na sheria ya Bunge. Kwa hiyo tozo halali lazima iwe na karatasi nyuma yake. Kama ni kodi ya taifa inayokusanywa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, itakuwa ndani ya sheria ya Bunge, na mabadiliko mengi huanza Julai 1. Kama ni ushuru au ada ya halmashauri, itakuwa kwenye sheria ndogo iliyopitishwa na Baraza la Madiwani, ikaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ikachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Ombeni Namba ya Tangazo la Serikali, ile inayoandikwa T.S. Na., pamoja na mwaka wake. Mtu asiyeweza kuitaja aandikiwe barua ya kuiomba, hata kama anaahidi kwa mdomo kuileta kesho.

Kuna pia "mchango" wa mtaa au kata. Huo ni wa hiari mpaka sheria ionyeshwe. Ombeni muhtasari wa mkutano wa wakazi ulioridhia mchango huo. Kama haupo, hoja yenu imekamilika hapo na hamhitaji maandamano.

Mwanza ina mtego wake. Watu wanasema "mjini" kana kwamba ni mamlaka moja, kumbe ni halmashauri mbili: Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Sheria ndogo ya mmoja haimgusi mkazi wa mwingine. Kikundi chenye wanachama wa Kirumba, Ilemela, na wa Mabatini, Nyamagana, kinahesabiwa pale kilipoandikishwa. Ofisi za Manispaa ya Ilemela ziko Buswelu. Mkikusanyika uwanja wa Furahisha mkidhani mko mlangoni kwa mkurugenzi, mko mbali naye sana. Wenzetu wa Ukerewe, Sengerema na Buchosa nao wana halmashauri zao. Wasipakiwe kwenye mitumbwi kuja kuandamana Mwanza kwa jambo ambalo Jiji haliwezi kuwaamulia. Waandike kwao, nakala waitume kwenu.

Angalieni pia neno "kilabu". Kwa wengi kilabu ni mahali pa kuuzia pombe, na biashara ya vileo ina leseni na ada zake. Kikundi cha akina mama kilichojiandikisha kama "Kilabu cha Upendo" kinaweza kujikuta kwenye orodha isiyokihusu. Kwenye barua zote andikeni "kikundi cha kijamii" au "klabu ya michezo", na mwambatanishe nakala ya cheti cha usajili. Kama kosa ni la orodha, barua moja yenye cheti huweza kulimaliza.

Daftari la mweka hazina ndilo silaha

Hoja ya "tozo inatuumiza" imeshasikika kila ofisi. Hesabu haipuuzwi kirahisi. Chukueni daftari la miezi 12 na mtenganishe fedha kwa mafungu: hisa au akiba za wanachama, mfuko wa jamii wa misiba na maradhi, marejesho ya mikopo, na mapato halisi kama faida ya mikopo, faini, au malipo ya kucheza ngoma kwenye harusi.

Tuseme kikundi kina watu 30 na kila mmoja anaweka shilingi 2,000 kwa wiki. Hiyo ni 60,000 kwa wiki na 3,120,000 kwa mwaka. Mtu wa mapato anaona milioni tatu na kudhani kuna biashara. Mnapaswa kumwonyesha kwamba fedha hiyo ni ya wanachama wenyewe, kwamba hurudi kwao siku ya kuvunja kibubu. Tozo ya 100,000 kwa mwaka hapo inakula michango ya wanachama wote ya zaidi ya wiki moja na nusu. Sentensi kama hiyo diwani anaikumbuka na anaweza kuirudia barazani.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuchanganya marejesho ya mikopo na mapato: mtaonekana matajiri kuliko mlivyo. La pili ni kuficha faida halisi. Mkigundulika mmeficha hata kidogo, hesabu yote haiaminiki tena. Andikeni faida ilivyo, kisha mdai tozo isiguse akiba na mfuko wa msiba.

Vikundi viungane kwa maandishi

Kikundi kidogo cha huduma ndogo za fedha kisheria kina watu 10 hadi 50, hivyo kimoja hakina uzito wa kutosha. Kumi na viwili vyenye watu 30 ni watu 360, na hapo diwani anahesabu kura. Lakini viongozi wasijipe mamlaka. Kila kikundi kifanye kikao chake, kipitishe azimio, kiandike muhtasari na mahudhurio, kichague wajumbe wawili. Kisha wajumbe wachague wasemaji watatu tu, angalau mmoja mwanamke, maana kwenye vikundi vya kuzikana na vya hisa akina mama ndio wengi na ndio wanaojua hesabu.

Karatasi za sahihi ziwe na safu tatu: jina kamili, mtaa na kata, sahihi au dole gumba. Mistari 20 kwa ukurasa inatosha. Dai lenyewe liandikwe juu ya kila ukurasa, kwa sababu ukurasa usio na kichwa unaweza kudaiwa kuwa ni mahudhurio ya semina. Msiandike namba za simu wala za kitambulisho cha taifa. Karatasi hizi zitapita mikononi mwa watu wengi.

Kwenye makundi ya WhatsApp, tumeni picha ya waraka halisi, siyo tetesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa mtu anayesambaza taarifa za uongo, na kiwango cha tozo kilichoongezwa sifuri moja kinaweza kumponza katibu wenu.

Barua kabla ya barabara

Pelekeni pingamizi kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani, mbunge na Mkuu wa Wilaya. Barua zetu hupoteza aya nzima kwa "husika na kichwa cha habari hapo juu". Anzeni na dai: "Tunaomba ada ya shilingi kadhaa iliyo kwenye T.S. Na. fulani iondolewe kwa vikundi visivyofanya biashara." Ukurasa mmoja, jedwali la hesabu nyuma, sahihi zikiwa kiambatisho. Nendeni na nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa masjala, wenye tarehe, irudi nanyi. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa, ofisini haijafika.

Wakati mzuri ni kabla sheria ndogo haijapita. Halmashauri inatakiwa kuwatangazia wananchi kusudio la kutunga sheria ndogo, nao wapeleke pingamizi. Someni mbao za matangazo za kata. Kwa kodi ya taifa, dirisha ni Juni, Kamati ya Bunge ya Bajeti inapopokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Na kama TRA imeshawapa makadirio, mna siku 30 tangu kupokea uamuzi kuweka pingamizi, na mnatakiwa kulipa kiasi msichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Siku hizo 30 haziongezwi na maandamano yoyote.

Shinikizo la wananchi linafanya kazi. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 15, 2021. Kelele za wananchi zikawa nyingi, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha zikapunguzwa tena 2022.

Taarifa kwa polisi

Barua zikikosa jibu, ndipo barabara. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo, si chini ya saa 48 kabla. Ni taarifa. Ulazima wa kuomba kibali uliondoka baada ya kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila katika Mahakama Kuu Dodoma na marekebisho ya sheria yaliyofuata. Kwa hiyo msiandike "tunaomba kibali". Andikeni "tunatoa taarifa". Ila polisi wanaweza kuzuia kwa amri, wakiona kuna hatari ya uvunjifu wa amani au usalama wa umma.

Saa 48 ni kiwango cha chini. Pelekeni siku saba kabla, kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya husika. Barua iwe hivi:

*YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI*
*Vikundi 12 vya kijamii vya kata za … vitaandamana Jumatano tarehe … kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 5:00 asubuhi, kutoka … kupitia barabara ya … hadi …, kuwasilisha ombi kwa Mkurugenzi kuhusu ada ya vikundi. Tunatarajia watu 360. Wasimamizi wetu ni 18, watavaa vizibao vya njano. Tunaomba askari wa usalama barabarani katika makutano ya … Wasemaji ni …*

Siku iwe ya kazi, la sivyo ombi mtampa mlinzi.

Tangu matukio ya siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, kila mkusanyiko unatazamwa kwa jicho jingine, na familia nyingi bado zina majonzi. Amri ya kuzuia ikija, msitoke. Ombeni iwe ya maandishi, kateni rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na muwaambie watu wote kabla ya jua kuzama ili asiwepo hata mama mmoja atakayejitokeza asubuhi peke yake. Hakuna ada ya kikundi inayolingana na uhai wa mtu.

Siku yenyewe

Njia isizidi kilomita mbili. Umati wa watu 300 hutembea kama kilomita mbili kwa saa, na milima ya Mwanza haiwahurumii wazee. Tembeeni wanne wanne upande wa kushoto wa barabara. Watu 360 wakijipanga hivyo, wakiacha mita moja na nusu kati ya safu, msafara una urefu wa mita 135 na daladala zinapita. Msimamizi mmoja kwa watu 20: wawili mbele, wawili nyuma kabisa, waliobaki ubavuni upande wa magari. Maji nusu lita kwa kila mtu kwa saa. Wanafunzi wasije, hasa wenye sare.

Bango la kitambaa liwe mita tatu kwa moja, herufi sentimita 15, maneno yasizidi saba. "Mfuko wa msiba si biashara" linasomeka upande wa pili wa barabara. Toboeni matundu ya nusu duara, kwa sababu upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana bango lisilo na matundu huwaburuta walioshika mpaka linapasuka.

Ngoma ni nzuri, huweka mwendo na kutuliza hasira. Lakini wacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, waache majembe nyumbani. Kwao ni ala ya ngoma. Kwa askari aliye umbali wa mita 50 ni silaha. Na wanaocheza na nyoka wasimlete chatu, watu wakikurupuka karibu na magari mtu ataumia. Bendera, kofia na fulana za chama chochote zikatazwe tangu kwenye kikao: ikionekana moja tu kwenye picha, kesho yake habari itakuwa ya chama, na ada ya kikundi cha kuzikana haitatajwa.

Anayeanza kutukana au kuokota jiwe, wasimamizi wawili wamtoe pembeni kwa upole. Asipotoka, msafara usimame na kukaa chini. Mvurugaji aliyesimama katikati ya watu waliokaa anaonekana na kila mtu.

Mlangoni waingie watu watano, wakabidhi ombi, wapate mhuri, waombe tarehe ya jibu, siku 21 zinatosha. Msemaji atangaze tarehe hiyo, kisha watu watawanyike palepale.

Mkizuiwa, au jibu lisipokuja

Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Watu 40 waliovaa kitenge kimoja, wamekaa kimya kwenye viti vya wasikilizaji, wanamkumbusha diwani ahadi yake bila kusema neno. Mwambieni mapema aulize swali la maandishi.

Wakati huo tozo mnalipa au hamlipi? Ushauri wetu: lipeni kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number), kamwe siyo taslimu mkononi, na mpeleke barua fupi kwamba mnalipa huku mkipinga. Kikundi kinachogoma kinaweza kufikishwa mahakamani, na kikiwa kwenye foleni ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kimejipa udhaifu wa bure. Mkiamua kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio ya uamuzi, maombi ya ruhusa yana ukomo wa miezi sita tangu uamuzi utolewe, hivyo mwoneni wakili mapema.

Wakikubali kupunguza, msishangilie ahadi ya jukwaani. Ulizeni sheria ndogo itarekebishwa kwenye baraza la lini, na mweka hazina aendelee kutunza risiti zote mpaka Tangazo jipya la Serikali litoke na mlisome wenyewe.